Ganzi, Utulizaji na Nusukaputi: Istilahi za Kiswahili katika Ankara ya Hospitali

Utangulizi

Mulot ni kituo cha biashara kilichopo katika barabara ya Narok kuelekea Bomet, mpakani mwa kaunti hizo mbili. Wasemaji wa Kikipsigis na wa Kimaasai hukutana hapo sokoni, na Kiswahili ndicho daraja lao. Karibu na mji wa Bomet ipo Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1937, na ambayo inafahamika kwa matibabu ya saratani ya umio, maradhi yanayowasumbua wengi katika eneo hilo. Ili kulichunguza umio, daktari hupitisha kooni neli yenye kamera, na aghalabu mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kumtuliza. Makala haya yanafafanua jinsi huduma hiyo ya kutuliza inavyoainishwa na kutozwa, na ni kwa nini istilahi zake zinamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Viwango vya utulizaji

Wataalamu hutambua viwango vinne. Katika utulizaji mdogo, mgonjwa hupunguziwa wasiwasi tu. Katika utulizaji wa wastani, husinzia lakini huitika anaposemeshwa au kuguswa, na hupumua mwenyewe. Katika utulizaji wa kina, haamki kwa urahisi na huenda akahitaji kusaidiwa kupumua. Kiwango cha nne ni nusukaputi, ambapo hana fahamu hata akiumizwa. Ganzi ni jambo jingine: hufisha hisia za sehemu moja ya mwili, na fahamu hubaki. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida haya yote huitwa "dawa ya usingizi".

Misimbo na malipo

Msimbo ni alama fupi inayosimamia maelezo marefu. Maradhi hupewa misimbo ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi la uainishaji huo, saratani ya umio ni C15. Huduma za daktari nazo, nchini Marekani, hupewa misimbo inayochapishwa na Chama cha Madaktari cha nchi hiyo tangu mwaka 1966. Hadi mwisho wa mwaka 2016, misimbo mingi ya vipimo vya kamera ilikuwa imejumuisha utulizaji wa wastani. Kuanzia Januari 1, 2017, utulizaji ulitengwa na kuhesabiwa kivyake.

Daktari anayefanya kipimo akisimamia pia utulizaji, dakika 15 za kwanza kwa mgonjwa wa miaka mitano au zaidi huandikwa 99152, na kila dakika 15 za ziada 99153. Saa huanza kuhesabiwa dawa inapotolewa, si mgonjwa anapoingia chumbani. Muda usiofika dakika 10 hautozwi. Nusukaputi ina misimbo yake tofauti. Kwa mantiki hii, kubadilisha neno ni kubadilisha bei.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya hazina ya bima ya mwaka 1966 kuanzia Oktoba 1, 2024, aghalabu hulipia upasuaji kwa kiasi kimoja cha jumla. Swali la mgonjwa wa Mulot basi ni hili: je, utulizaji umo ndani ya kiasi hicho au uko nje? Ikiwa umo, na bado ankara ina mstari wa "dawa ya usingizi", mgonjwa anatozwa mara mbili. Ikiwa haumo, deni ni halali. Mstari wenye neno lisilo bayana haumwezeshi kujua.

Suala la istilahi

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa, hatari na gharama za matibabu katika lugha anayoielewa. Wajibu huo hauwezi kutimizwa pasipo istilahi thabiti. Neno "nusukaputi", ambalo asili yake huhusishwa na Kijerumani, limezoeleka zaidi Tanzania. Kwa msikilizaji asiyelijua, kiambajengo "nusu" kinaweza kupotosha: atadhani ni usingizi nusu, yaani utulizaji wa wastani, ilhali ni kupoteza fahamu kabisa. Upotoshaji huo unagusa mfuko wake, na zaidi ya hapo unagusa idhini anayoitoa kabla ya kulala kitandani.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "ganzi" itumike kwa sehemu ya mwili pekee, "utulizaji" kwa viwango vitatu vya mwanzo pamoja na kivumishi chake, na "nusukaputi" ifafanuliwe kila mara kuwa ni usingizi kamili wa dawa. Ankara ingeweza kusomeka hivi: "Utulizaji wa wastani, dakika 30, umejumuishwa katika malipo ya kipimo." Mstari huo mmoja unamtosha mgonjwa kujua alichofanyiwa, kwa muda gani, na kama anadaiwa.