Mtoto mwenye selimundu anaporudi shule: mwalimu wa darasa ajue nini?

Januari mtoto anapanda darasa, na mara nyingi anapata mwalimu mwingine wa darasa. Uliyomweleza mwalimu wa mwaka jana hayapandi pamoja naye. Kama wewe ni mzazi au mlezi wa mtoto mwenye selimundu (wengi tunasema sikoseli), kuzungumza na mwalimu huyo mpya ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa zake za kila siku.

Usiende siku ya kufungua shule, ofisi inakuwa imejaa wazazi. Nenda siku mbili tatu baadaye, masomo yakiisha, ukiwa na mtoto wako. Omba dakika kumi tu. Mwalimu ana wanafunzi wengi na hatakumbuka kila kitu, kwa hiyo mwachie karatasi moja uliyoiandika kwa lugha rahisi.

Anza na maji na choo. Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu hujikunja kama mundu, hasa mwili unapopungukiwa maji. Zikishajikunja hukwama kwenye mishipa midogo ya damu na kuleta maumivu makali ya mifupa, mgongo au tumbo. Ndiyo maana anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, hata kabla ya kuhisi kiu. Lakini figo zake nazo huathirika. Haziwezi kubakiza maji mwilini kama za wenzake, hivyo anakojoa mara nyingi.

Sasa mweke mtoto huyo kwenye darasa ambalo hakuna kutoka mpaka kipindi kiishe. Ataacha kunywa maji. Wapo watoto wanaorudi nyumbani na chupa imejaa vilevile, na mama anadhani wamesahau. Hawajasahau, wanaona aibu kuomba ruhusa mbele ya darasa zima. Kubaliana na mwalimu kwamba chupa ikae kwenye dawati, na mtoto akinyoosha mkono kwa namna mliyopatana atoke bila kuulizwa. Mwalimu asiyejua sababu ataona utoro tu, na mimi simlaumu.

Baridi na uchovu navyo huamsha maumivu. Taja mchakamchaka wa asubuhi, kudeki kwa maji baridi, kunyeshewa, na adhabu za kukimbia au kupiga magoti juani. Ila usiombe akatazwe kucheza. Acheze, apumzike anapochoka. Mtoto anayetengwa na michezo yote huanza kuficha ugonjwa wake. Kwa mikoa kama Mbeya na Njombe, omba aruhusiwe kuvaa sweta ya ziada Juni na Julai, hata kama haifanani na sare. Na mwalimu akiona macho ya njano, ajue hayaambukizi.

Maumivu yakianza: maji ya kunywa, mahali pa joto, na paracetamol kwa dozi iliyoandikwa kliniki. Asikandwe kwa barafu.

Kwenye karatasi, piga mstari chini ya dalili za kwenda hospitali mara moja, simu ikipigwa huku safari imeanza: mwili kuchemka (nyuzi 38 au zaidi), kupumua kwa shida au kifua kuuma, tumbo kuvimba ghafla na viganja kupauka, mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, au maneno kutoeleweka. Hizi tatu za mwisho zikitoweka zenyewe, bado aende. Mvulana anaweza kupata kusimama kwa uume kwenye maumivu kusikoisha. Mfundishe aseme, hata kwa kuomba tu upigiwe simu. Kukizidi saa mbili ni hospitali.

Andika namba mbili za simu, yako na ya ndugu au jirani aliye karibu na shule. Kama analala bweni, nakala moja impe matroni au patroni, maana usiku mwalimu wa darasa hayupo. Mwombe pia kitanda cha chini karibu na choo, na umweleze kwamba kukojoa kitandani kwa mtoto huyu kunatokana na zile figo, si uvivu.