Gesi Asilia, Watetezi Wake, na Jiko la Singida

Mtu wa Singida akitamka neno "gesi" huwa anafikiria mtungi. Ndio auonao dukani, ndio ufungwao nyuma ya pikipiki kupelekwa Ilongero au Ndago, na ndio ambao bei yake huzungumzwa nyumbani. Lakini katika hotuba na magazeti neno hilo hilo mara nyingi lina maana nyingine: gesi asilia, ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2010 chini ya bahari kuu mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Hazina yote ya nchi hukadiriwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Ndipo lizukapo swali ambalo wanafunzi wameniuliza zaidi ya mara moja: ikiwa tunayo gesi nyingi namna hiyo, mbona ile iliyomo katika mtungi wa Singida imeletwa kwa meli kutoka ng'ambo?

Jibu limo katika kemia ya kidato cha nne. Gesi asilia yetu karibu yote ni methani, ambayo molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na nne za haidrojeni. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani, yenye atomi tatu za kaboni, na butani, yenye nne. Propani hugeuka kuwa kimiminika hata katika joto la mchana, mradi igandamizwe kiasi cha mara kumi ya mgandamizo wa hewa ituzungukayo. Kwa hiyo mtungi wa chuma wa kawaida waweza kuihifadhi. Methani haikubali. Katika joto la kawaida, hata uigandamize namna gani, hubaki gesi. Sharti kwanza ipozwe kupita nyuzi 82 chini ya sifuri, na kama hutaki kuigandamiza kabisa, hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Basi methani husafirishwa kwa bomba, au katika matangi mazito yenye mgandamizo wa mara 200 na zaidi ya ule wa hewa, kama yale yaliyofungwa katika baadhi ya magari ya Dar es Salaam, au katika meli ikiwa imepozwa mno. Na kwa kuwa gesi ya visima vyetu ina propani kidogo sana, hatuwezi kuichuja tukapata humo gesi ya mitungi ya kututosha.

Bomba la inchi 36 lililozinduliwa mwaka 2015 latoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, halifiki Singida. (Bomba ambalo njia yake yapita Iramba na Mkalama ni la mafuta ghafi ya Uganda yaendayo Tanga. Nimesikia hata watu wazima wakiyachanganya.) Gesi asilia huja Singida kwa sura ya umeme. Huchomwa katika mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, umeme wake ukaingia katika gridi ya taifa, na kupanda bara kwa njia ya kilovoti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu neno moja lenye maana mbili ni mali kubwa mikononi mwa mtetezi.

Biashara ya gesi, kama biashara zote kubwa, ina jumuiya za kuitetea. Marekani wana American Gas Association tangu mwaka 1918. Umoja wa Kimataifa wa Gesi ulianzishwa mwaka 1931. Hapa nchini wapo OGAT, jumuiya ya makampuni yatafutayo na kuchimba mafuta na gesi, na ATOGS, jumuiya ya Watanzania watoao huduma katika shughuli hizo. Kazi yao si ya siri wala si kosa: kuzungumza na Serikali juu ya kodi, sheria na mikataba, na kuuonyesha umma faida za bidhaa yao. Wakulima wa alizeti wa Singida nao hupiga kelele, tena kwa haki, kila ushuru wa mafuta ya kula ya kigeni unapopunguzwa. Ila msikilizaji wa mtetezi yeyote yampasa atazame mizani iliyotumika. Mara nyingi takwimu atoazo mtetezi ni za kweli, lakini yeye ndiye aliyechagua kipi kipimwe, na kipimo kianzie wapi.

Tuchukue dai lao kuu, kwamba gesi asilia ni nishati safi kuliko makaa ya mawe. Hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni. Kilo moja ya methani ikiungua hutoa joto la megajuli 50 hivi. Kwa hiyo megajuli 1,000 zahitaji kilo 20. Kila gramu 16 za methani hutoa gramu 44 za kabonidioksidi. Kilo 20 zitatoa kilo 55. Makaa ya mawe, kwa joto lile lile, hutoa kilo 95 hivi. Tena moshi wa methani hauna masizi na majivu yatokanayo na makaa. Hadi hapo mtetezi amesema kweli.

Lakini hesabu hiyo imeanzia kwenye ndimi za moto. Methani hutoka kisimani, hupita katika mitambo ya kuisafisha, valvu na bomba refu, na njiani baadhi yake huvuja. Methani isiyoungua huzuia joto la dunia lisitoke angani kwa nguvu kubwa kuliko kabonidioksidi: kwa kipindi cha miaka 100, kilo kwa kilo, kiasi cha mara 30, kwa kipindi cha miaka 20, zaidi ya mara 80, kwa kuwa methani haidumu hewani muda mrefu. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba asilimia 3 huvuja. Hiyo ni kilo 0.6 katika zile 20. Kwa miaka 100 tutaongeza kilo 18 katika zile 55, tupate 73. Gesi bado ni bora. Kwa miaka 20 tutaongeza kilo 49, tupate 104, na gesi imeyapita makaa kwa ubaya.

Sisemi kwamba visima vyetu vinavuja asilimia 3. Wala hesabu hii haijakamilika: migodi ya makaa nayo hutoa methani, na mitambo mizuri ya gesi hupoteza joto kidogo kuliko ile ya makaa. Nasema kwamba jibu lategemea tarakimu mbili, kiasi kinachovuja na idadi ya miaka, na ni nadra kuziona tarakimu hizo katika matangazo ya watetezi. Kuvuja hupimwa kwa vyombo vilivyowekwa kando ya mitambo, na uvujaji mkubwa sasa huonekana hata kutoka angani. Setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2017 hupima methani hewani kila siku.

Kipimo cha pili ambacho watetezi hukipenda ni mkaa wa miti, na hapa Singida inahusika moja kwa moja. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za mti kwa kila kilo ya mkaa. Vichaka vya Itigi, ambavyo aina yake ni adimu duniani, vinaendelea kufyekwa kwa mashamba, kuni na mkaa. Jikoni moshi huwadhuru mama na watoto, na kabonimonoksidi huua watu katika vyumba vilivyofungwa. Mtu aliyeona hayo hawezi kuubeza mtungi wa gesi, nami siubezi. Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Lakini uokoaji huo wa miti unafanywa na propani na butani zinazonunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Mjumbe wa gesi asilia akiuhesabu kuwa sifa ya visima vya Songo Songo, amevaa nguo ya jirani.

Dai la tatu naliona lina uzito zaidi kuliko linavyopewa. Upepo wa Singida umepimwa kwa miaka mingi ukaonekana wafaa kuzalisha umeme. Hata hivyo hupungua apendavyo Mungu, na mtambo wa gesi waweza kuwashwa kwa dakika chache kuziba pengo. Gesi na upepo si lazima vigombane. Lakini mtambo ukijengwa hukaa miaka 25 au 30, na mkataba wake huenda ukalipwa hata katika saa ambazo upepo unatosha. Jambo hilo ni la sheria na fedha, na ndipo sauti za jumuiya hizi zina nguvu kuliko za wanavijiji. Ghasia za Mtwara za mwaka 2013, ambamo watu walipoteza maisha, zilihusu swali la nani atafaidi bomba likishajengwa.

Shule ya bweni ya Mkalama yenye wanafunzi 500 inayotakiwa kuacha kuni ina njia chache: mitungi mikubwa, umeme, samadi ya ng'ombe igeuzwayo kuwa gesi, au vitofali vya makapi ya mashambani. Samadi hutoa methani, ile ile ya Songo Songo, nayo hupita katika bomba la mita chache tu kutoka zizini hadi jikoni. Hata bomba hilo huvuja. Wanafunzi waweza kulipima kwa maji ya sabuni.