Kabla Mlima Haujaporomoka

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope lililochanganyika na mawe na magogo lilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, likafuata makorongo mpaka kwenye mji mdogo wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Watu 89 walikufa. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, ni rahisi kudhani kwamba moto wa chini ya ardhi ulihusika. Haukuhusika. Maelezo ya Serikali yalikuwa mafupi: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka na kugeuka tope.

Hanang haukuwa peke yake. Mwanzoni mwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na siku chache baadaye yakaua zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, mashariki mwa Kongo. Aprili 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu nchini Kenya. Julai 2024 ikawa Gofa, kusini mwa Ethiopia.

Katika yote hayo, mvua ndiyo iliyobebeshwa lawama. Ni kweli kwamba mvua ndiyo inayomalizia kazi, lakini mteremko unaoanguka huwa umeandaliwa kwa miaka mingi, na mara nyingi hutoa dalili saa au siku kadhaa kabla. Anayeweza kuziona dalili hizo ni yule anayeishi pale pale mlimani. Kwa hiyo kujiandaa na maporomoko ya udongo ni, kwanza kabisa, kuamua mapema ni lini mtaondoka.

Maji yanavyoulegeza mteremko

Udongo wa mlimani hukaa mahali pake kwa sababu chembe zake zimekandamizana na kusuguana, na mizizi imezifunga pamoja. Uzito wake wenyewe unauvuta kushuka, msuguano unauzuia. Mvua ikinyesha kwa muda mrefu, maji hujaza matundu yaliyo kati ya chembe na kuifukuza hewa. Yakikosa pa kutokea, hujenga shinikizo linalozisukuma chembe zitengane. Hapo msuguano unapungua wakati ule ule ambao uzito unaongezeka.

Uzito huo si mdogo. Milimita moja ya mvua katika eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, yaani kilo moja. Milimita 100 zikinyesha juu ya hekta moja ni tani 1,000. Si maji yote yanayoingia ardhini, lakini hata nusu yake ni mzigo ambao mteremko mkali haukuubeba jana.

Chini ya udongo kwa kawaida kuna mwamba au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji kwa urahisi. Maji yakifika hapo hukusanyika, na mpaka huo wa tabaka mbili huwa utelezi. Milima ya volkano kama Hanang na Elgon ina matabaka mengi ya namna hiyo: majivu ya kale, lava iliyooza, udongo mwekundu wenye kina. Udongo huo huo ndio unaostawisha migomba, kahawa na maharage. Mkulima wa Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, hakupanda mlimani kwa ujinga, alifuata rutuba. Machi 1, 2010, mporomoko ulifunika makazi ya Nametsi, wilayani humo, pamoja na kituo cha afya.

Kutokana na hayo, mambo mawili hukutana ili mteremko uanguke: mvua ya siku nyingi inayoshibisha udongo, na mvua kali ya saa chache inayomalizia. Ndiyo maana mvua iliyopita salama mwanzoni mwa msimu inaweza kuua ikirudi mwishoni, hata kama kipimo chake ni kile kile.

Nguvu ya tope

Udongo uliomeguka ukichanganyika na maji ya korongo hugeuka kitu kizito kama zege mbichi. Mita moja ya ujazo ya tope hilo inakaribia tani mbili, na kwenye mteremko mkali linaweza kupita kasi ya kilomita 50 kwa saa. Hubeba mawe makubwa, hung'oa miti, na kila linachokiokota njiani huliongezea nguvu. Mtu hawezi kushindana nalo kwa mbio za kuteremka. Akilisikia linakuja, njia ya kupona ni kukimbia kwa upande, atoke kwenye mkondo na kupanda mahali palipoinuka.

Tope hupenda njia zake za zamani. Likitoka mlimani kupitia korongo na kufika tambarare, hupungua kasi, hutawanyika na kuacha mzigo wake. Tambarare hizo za mdomoni mwa makorongo huwa na udongo mzuri na kiwanja rahisi, kwa hiyo miji huota hapo. Mwenye shamba chini ya mlima atazame mawe makubwa yaliyozama nusu ardhini, mbali na mwamba wowote. Mawe hayo yaliletwa, na kilichoyaleta kinaweza kurudi. Wazee wanaokumbuka ni mwaka gani korongo lilihama au daraja lilizolewa wana taarifa ambazo hazimo katika ramani ya mpima viwanja.

Mkono wa binadamu

Februari 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha kwa saa zisizozidi tatu huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Ilizusha maporomoko madogo zaidi ya 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walipoyachunguza, waligundua kwamba karibu yote yalitokea kwenye mashamba na kwenye ardhi ya nyasi iliyopumzishwa. Yaliyotokea ndani ya msitu hayakufika asilimia moja. Mlima ulikuwa ule ule na mvua ile ile. Mizizi ndiyo iliyoleta tofauti.

Mizizi mirefu ya miti hushona tabaka la juu na la chini. Mgomba una mizizi mifupi na shina lililojaa maji. Unafaa kwa chakula, haufai kuachiwa peke yake kazi ya kushikilia mteremko mkali. Anayelima mlimani anaweza kuchanganya mazao na miti, kuacha ukanda wa miti juu na kando ya makorongo, na kupanda majani yenye mizizi ya kina kwenye kingo za matuta. Matuta nayo yawe na mahali pa kutolea maji. Tuta linalozuia maji yasitoke linayalazimisha kuzama, na huko chini ndiko yanakoleta madhara.

Kosa lingine ni kukata kilima ili kupata kiwanja. Ukichonga mguu wa mteremko, umeondoa kile kilichoegemewa na udongo wote wa juu. Ukuta ukijengwa hapo bila matundu ya kutolea maji, maji hujikusanya nyuma yake mpaka siku utakaposukumwa. Maji ya bati yanayomwagwa nyuma ya nyumba, bomba linalovuja na shimo la maji machafu lililochimbwa ukingoni hufanya kazi ya mvua hata wakati wa kiangazi.

Mai Mahiu inatufundisha jambo jingine. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, ilidhaniwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye ilielezwa kwamba takataka, mawe na udongo vilikuwa vimeziba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli, maji yakajaa nyuma yake, kisha yakaachia kwa mkupuo na kuua makumi ya watu. Kalavati lililoziba huwa bwawa lisilo na mhandisi. Kulizibua kabla ya msimu ni kazi ya siku moja kwa watu wenye majembe, na ipangiwe tarehe kama kazi nyingine za kijiji.

Dalili za kuangalia

Ya kwanza ni nyufa ardhini, hasa zilizopinda kama upinde sehemu ya juu ya mteremko. Ufa unaopanuka siku hadi siku unaonyesha kwamba kipande cha mlima kimeanza safari. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na pima umbali kati yake asubuhi na jioni. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mlima hilo ni agizo la kiufundi: ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ili usinywe maji, na mifereji ielekezwe mbali nao. Lakini kuziba ufa hakumpi mtu ruhusa ya kulala chini yake mvua inaponyesha.

Ya pili ni vitu vilivyokuwa wima kuinama: miti, nguzo za umeme, uzio. Ndani ya nyumba, milango na madirisha huanza kukwama, na sakafu hutengana na ukuta.

Ya tatu ni tabia ya maji. Chemchemi mpya inayotokea mahali palipokuwa pakavu, au ya zamani inayotoa maji ya tope ghafla, inaonyesha kwamba maji yamebadili njia ndani ya mlima. Ya hatari zaidi ni mto unaopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Huko juu, kitu kimeuziba. Asiyejua hushukuru kwamba mafuriko yanapungua. Anayejua huondoka papo hapo na kuwaamsha majirani.

Ya mwisho ni sauti: mngurumo unaokua, miti inayovunjika, mawe yanayogongana. Mkifikia hapo, mnabaki na dakika, pengine sekunde.

Kuamua kabla ya mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema kwamba vuli ya 2023 ingekuwa na mvua za El Niño. Utabiri wa namna hiyo ni wa lazima, lakini una mpaka wake. Unaweza kusema mkoa upi utapata mvua kubwa. Hauwezi kusema ni korongo lipi litashusha tope usiku wa leo. Pengo hilo linazibwa na kijiji chenyewe.

Mwaka 1972, maporomoko mawili ya siku moja yaliua watu zaidi ya 130 Hong Kong, jiji lililojengwa juu ya miteremko mikali. Kufikia 1977 jiji hilo lilikuwa na ofisi maalumu ya wahandisi wa miteremko na mfumo wa kutoa tahadhari kwa kutumia vipimo vya mvua. Leo miteremko takriban 60,000 iliyochongwa au kujazwa na watu imeorodheshwa na kukaguliwa, na vifo vimepungua sana. Hatuna fedha za Hong Kong, lakini kanuni yake haihitaji fedha nyingi: pima mvua, jua mteremko wako, weka kiwango cha kuondoka.

Chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kuanzia. Mwalimu wa shule ya msingi na wanafunzi wake wanaweza kupima kila asubuhi na kuandika daftarini. Baada ya misimu michache, kijiji kitajua ni mvua kiasi gani hutangulia korongo kufurika. Kabla ya hapo, sheria rahisi inatosha: mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo na wingu zito likajikusanya jioni, familia zilizo chini ya ufa au mdomoni mwa korongo zilale kwingine usiku huo. Maporomoko yanayoua wengi mara nyingi hukuta watu wamelala.

Nchini Tanzania, Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hiyo ijibu maswali haya kwa majina: nani anatoa ishara, na ishara ni ipi (kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti, ngoma)? Nani anambeba bibi asiyeweza kutembea? Watu wanakusanyika wapi, na je, njia ya kwenda huko inavuka korongo lile lile? Kila nyumba iwe na mfuko mmoja tayari wenye vitambulisho, hati, dawa, tochi, redio ndogo na maji.

Baada ya mporomoko

Gofa ni onyo kwa kila mwenye huruma. Mporomoko wa kwanza ulipofukia nyumba, majirani walikimbilia kuchimba kwa mikono. Wa pili ukawafunika na wao. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mteremko ukishameguka, kingo zake hubaki bila egemeo, kwa hiyo uokoaji uanze na mtu mmoja aliyesimama pembeni, mahali anapouona mlima, mwenye kazi moja tu ya kuangalia juu na kupiga yowe. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Kenya, Msalaba Mwekundu kwa 1199. Maji ya visima na chemchemi yahesabiwe kuwa machafu mpaka yachemshwe au kutiwa dawa, kwa maana kipindupindu na kuhara hufuata nyuma ya tope.

Kuhamisha watu moja kwa moja ni kazi ngumu zaidi. Waathirika wa Hanang walijengewa nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret. Uganda ilihamishia baadhi ya watu wa Bududa Kiryandongo, mbali na mlima, lakini wapo waliorudi kulima kule kule. Nyumba bila shamba haimzuii mkulima kurudi kwenye udongo anaoujua. Anayepanga makazi mapya apange na ardhi ya kulima, maji, shule na soko.

Kwa msomaji anayeishi chini ya mlima, kazi ya wiki hii ni moja. Itisheni mkutano wa kijiji kabla ya mvua kuanza, pandeni mlimani mkiwa pamoja na wazee, andikeni nyufa na makorongo yote mnayoyajua, kisha kubalianeni kwa sauti moja ni dalili ipi ikionekana hakuna atakayelala nyumbani.