Barua Pepe za Chama: Katibu Achague Programu Ipi?

Katibu aandikaye barua za chama kwa kompyuta ya nyumbani hana budi kuchagua programu ya barua pepe. Mbili zajulikana sana. Thunderbird, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, haina malipo, na barua zake hukaa katika mafaili ya maandishi yasomwayo na programu nyingine. Outlook iuzwayo pamoja na Microsoft Office huweza kuziweka katika faili la PST, ambalo programu nyingi haziwezi kulifungua.

Hata hivyo, la kuulizwa kwanza ni mahali barua zinapokaa. Kwa njia ya POP, barua huteremshwa katika kompyuta, na mara nyingi huondolewa kwenye seva. Kompyuta ikiharibika, au katibu akiondoka nayo, chama hubaki bila ushahidi wa mapatano yake na wanunuzi. Kwa njia ya IMAP barua hubaki kwenye seva; lakini katibu akiifuta, hufutika na huko pia. Programu zote mbili hukubali njia hizo.

Barua hizo ni mali ya chama, kama lilivyo daftari la fedha. Basi anwani iwe ya chama, njia iwe IMAP, na kila mwezi Kamati ikabidhiwe nakala. Hayo yakitimizwa, chama chenye fedha chache kitatosheka na Thunderbird.