Pete ya uchumba: Kijana asitoke katika halali kwa ajili ya jiwe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), aliyeijaalia ndoa kuwa utulivu na mapenzi baina ya mume na mke. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, masahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao hadi siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, kwani aghalabu halizidi ukubwa wa punje ya mtama. Jambo lenyewe ni jiwe la almasi linalowekwa juu ya pete ya uchumba. Udogo wake usitudanganye, kwa sababu limekwisha kuchelewesha ndoa tunazozijua, na limekwisha kuwatia vijana wema katika madeni.

Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, alitujia baada ya swala ya Alasiri akiwa amejiinamia. Posa yake ilikwisha kukubaliwa na mahari yamekwisha kutajwa, nayo yalikuwa ya kiasi. Kisha shangazi wa binti akaleta ujumbe kwamba kishika uchumba kiwe pete ya almasi, kwa kuwa binti wa jirani alivishwa pete kama hiyo na mtaa mzima uliiona. Kijana alikwenda dukani, akaambiwa bei iliyo sawa na mishahara yake saba. Akaja kutuuliza mambo mawili. La kwanza, je, dharura hii inamhalalishia mkopo wa riba? La pili aliliuliza kwa sauti ya chini: je, kuna ubaya gani akinunua pete yenye jiwe la kung'ara la bei rahisi, akanyamaza, na wao wakadhani ni almasi?

Tulimjibu kwamba yote mawili ni haramu. Lakini tuliona pia kwamba neno haramu peke yake halimtoshi mtu aliyekwama, bali anahitaji kuonyeshwa mlango wa halali ulipo. Makala haya ni mlango huo.

Ada hii imetoka wapi?

Kwanza tujue kwamba pete ya almasi si sunna, wala si ada ya wazee wetu wa pwani. Wazee walijua posa, washenga, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Kuenea kwa almasi kama alama ya uchumba kulisukumwa zaidi na biashara. Kampuni ya De Beers, iliyoasisiwa mwaka 1888 huko Afrika Kusini, ilishika kwa miaka mingi sehemu kubwa ya soko la almasi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 iliajiri wakala wa matangazo nchini Marekani ili kuwafanya vijana waamini kwamba hakuna uchumba bila jiwe hilo. Mwaka 1947 ukabuniwa msemo wa kuihusisha almasi na umilele. Hata ile hesabu kwamba pete igharimu mshahara wa miezi miwili ilitoka katika matangazo, haikutoka katika dini yoyote.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kulijua jiwe hili. Mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, uligunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia kutoka Kanada, Dakta John Williamson. Mwaka 1947 lilitoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Kwa hiyo almasi hutoka katika ardhi yetu, lakini sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa na kusuguliwa katika mji wa Surat, India, kisha hurudi dukani ikiwa na bei inayomtoa jasho mwalimu wa shule.

Sharia inasemaje?

Asili ya pete kwa mwanamke ni halali, iwe ya dhahabu, ya fedha au yenye kito. Mtume (SAW) mwenyewe alivaa pete ya fedha, nayo alikuwa akipigia mhuri barua zake. Ama dhahabu, ni haramu kwa wanaume. Katika Hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (SAW) aliiona pete ya dhahabu mkononi mwa mtu, akaivua na kuitupa, na akaifananisha na kaa la moto. Basi wale wanaobadilishana pete za dhahabu, bwana na bibi, wajue kwamba bwana avae ya fedha au aache.

Vile vile, mchumba bado si mke. Kabla ya nikaha hairuhusiwi kijana kumshika mkono binti na kumvisha pete mbele ya kamera. Avishwe na mama wa kijana au dada yake, na furaha haitapungua. Wala pasiwe na itikadi kwamba pete inalinda mapenzi, au kwamba ikivuliwa ndoa itavunjika. Mwenye kulinda ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Wako wanaoitaja Hadithi ya Sahl bin Saad (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa ni ushahidi wa pete ya uchumba. Tuiangalie vizuri. Mtu mmoja alitaka kuoa, na Mtume (SAW) akamwambia akatafute chochote cha kumpa mwanamke, hata ikiwa ni pete ya chuma. Yule mtu hakuipata, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Pete hiyo ilikuwa ni mahari, haikuwa kishika uchumba. Na mafunzo yake yanakwenda kinyume na shangazi wetu, kwa sababu Mtume (SAW) alishuka mpaka kwenye uwezo wa muoaji, naye hakumwambia muoaji apande mpaka asipofika. Sayyidna Ali (RA) naye alimpa Bibi Fatima (RA) deraya yake ya vita, maana ndicho alichokuwa nacho.

Hata hivyo, tusiwe wenye kupindukia upande wa pili. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 20, Qur'ani imetaja mirundi ya mali kuwa ni mahari na haikukataza. Mwenye uwezo akimpa mkewe almasi kubwa, hakuna wa kumlaumu maadamu hakufanya israfu wala kujifakharisha. Kanuni imo katika Sura At-Talaq, aya ya 7, kwamba kila mmoja atoe kwa kadiri ya wasaa aliopewa.

Mwenye mfuko mdogo anunue vipi?

Ikiwa binti anaipenda almasi na kijana anataka kumridhisha, hilo ni jema, na ujuzi kidogo utamwokoa na hasara. Tulikwenda na kijana wetu kwa sonara mmoja mzee anayemcha Mungu, tukajifunza yafuatayo.

Kwanza, neno karati lina maana mbili. Kwa dhahabu ni kipimo cha usafi: karati 24 ni dhahabu tupu, karati 18 ni asilimia 75 na hupigwa chapa ya 750, na karati 9 ni asilimia 37.5 na chapa yake ni 375. Kwa almasi karati ni uzito, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Muuzaji akikutajia karati, muulize ni ya kipi.

Pili, bei ya almasi haipandi sawasawa na uzito. Jiwe moja la karati nzima huwa ghali kuliko mawili ya nusu karati yenye ubora ule ule, kwa sababu mawe makubwa ni adimu. Jiwe lililopungua kidogo chini ya karati moja au chini ya nusu karati huwa na nafuu, na jicho halioni tofauti. Mawe madogo kadhaa yaliyopangwa pamoja nayo hupendeza kwa gharama ndogo.

Tatu, kinacholifanya jiwe ling'are ni ukataji wake kuliko kitu kingine. Rangi hupimwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Asiye fundi hawezi kwa urahisi kuitofautisha G na D, hasa jiwe likiwa juu ya dhahabu ya manjano, lakini mfuko utaitofautisha. Vivyo hivyo doa lisiloonekana mpaka kwa kioo cha kukuza halimdhuru mvaaji. Punguza hapo, usipunguze ukataji.

Nne, dhahabu ya karati 22, ambayo mama zetu wanaipenda, ni laini. Vikucha vya kushikilia jiwe hudumu zaidi katika karati 18 au 14. Na jiwe kubwa lisinunuliwe bila cheti cha maabara inayojulikana, wala pete yoyote bila risiti yenye kueleza jiwe ni la aina gani.

Tano, siku hizi ipo almasi inayotengenezwa na binadamu maabarani. Si kioo. Ni kaboni ile ile kama iliyotoka ardhini, na jicho tupu halitenganishi. Bei yake imeshuka sana katika miaka ya karibuni, lakini ukitaka kuiuza utapata kidogo mno. Hata ile ya ardhini, ndugu msomaji, ukiirudisha sokoni aghalabu haileti bei uliyonunulia. Basi asidanganyike mtu kwamba ananunua akiba. Ananunua pambo.

Mawe haya yote ni halali kuuzwa na kuvaliwa, hata zirkonia na moisanaiti ambazo si almasi kabisa, kwa sharti moja: yaitwe kwa majina yake. Mtume (SAW) amemtoa katika kundi letu mwenye kufanya ghishi, na hukumu hiyo haikuwahusu wafanyabiashara pekee. Kijana anayemwacha mchumba wake adhani kioo ni almasi ameianza nyumba yake kwa uongo, na iko siku sonara mwingine atamwambia mkewe ukweli.

Ama kulipa kidogo kidogo, hapa watu wengi wanateleza. Dhahabu na fedha ni katika mali za riba, na jopo la wanavyuoni la Majma'ul Fiqhil Islami limeamua kwamba noti zetu zina hukumu hiyo hiyo. Kwa hiyo, kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi, haifai kuchukua pete ya dhahabu leo na kuilipa kwa miezi sita, hata kama hakuna nyongeza. Njia salama ni kuweka akiba mpaka itimie, kisha mkono kwa mkono. Jiwe la almasi peke yake halimo katika hukumu hiyo. Nalo pia halitolewi zaka maadamu ni la kuvaa na si la biashara.

Uchumba ukivunjika?

Familia nyingi hugombana hapa kwa kuwa hazikuandikiana mapema. Ikiwa pete ni sehemu ya mahari na nikaha haikufungwa, inarudi kwa mwenyewe. Ikiwa ilitolewa kwa ajili ya ndoa ile lakini nje ya mahari, Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, wanasema hurudishwa. Mahanafi hurudisha ikiwa bado ipo. Wamaliki huangalia nani aliyevunja: akivunja mwanamume hana cha kudai, akivunja mwanamke hurudisha. Dawa ni walii na washenga waandike siku ile ile pete ni nini: mahari au zawadi.

Turejee kwa kijana wetu. Tulimshauri amwendee binti, mbele ya walii wake, amweleze kipato chake kama kilivyo. Alikwenda kwa woga. Binti alisikiliza, kisha akasema kwamba yeye hakuomba almasi, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Baba yake alinyamaza kwa muda, akasema basi jambo limekwisha. Ilinunuliwa pete nyembamba ya karati 18 yenye kijiwe cha sehemu ya kumi ya karati, kwa akiba aliyokuwa nayo, ikaandikwa kuwa ni katika mahari. Shangazi, tunavyosikia, bado hajaridhika. Lakini nikaha ilifungwa mwezi ule ule, na mwalimu yule hadaiwi na mtu.

Enyi wazazi, kabla hamjapeleka ujumbe kwa muoaji, muulizeni binti yenu. Nanyi vijana, kabla hamjakopa, semeni ukweli. Pengine mnayemwogopa yuko upande wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awasahilishie vijana wetu mambo ya ndoa, azitie baraka nyumba zao, na atukinge sote na riba na ria. Amin. Wallahu a'lam.