Ufaulu wa Kyela: Walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi?

Na Mwandishi Wetu, Kyela

KILA Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya darasa la saba, wazazi wa Kyela mjini, Ipinda na Matema hutafuta jambo moja: asilimia ya ufaulu wa shule ya mtaani kwao. Asilimia hiyo ni ya kweli, ila haisemi yote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule iliandikisha watoto 120 darasa la kwanza. Miaka saba baadaye waliofanya mtihani ni 70, na waliofaulu ni 63. Ubaoni itaandikwa asilimia 90 na mwalimu mkuu atapongezwa. Lakini ukiwahesabu wote 120, waliofaulu ni zaidi kidogo ya nusu. Wale 50 wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, waliokariri baada ya kushindwa upimaji wa darasa la nne, na walioacha shule kabisa. Asilimia 90 haiwatofautishi.

Sababu za mtoto kupotea darasani wilayani hapa si siri. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huingia Ziwa Nyasa kupitia tambarare hii, na masika yakipamba moto njia za kwenda shule hujaa maji. Mpunga ukikaribia kukomaa kuna ndege wa kufukuzwa. Ufukweni kuna usipa wa kuanika. Kasumulu, mpakani na Malawi, kuna mizigo ya kubeba. Mtoto asiyeonekana kwa wiki tatu hafutwi daftarini, hivyo idadi ya walioandikishwa nayo hudanganya kwa namna yake.

Uandikishaji wenyewe umepanda kwa mawimbi. Ada ya shule za msingi ilifutwa kuanzia mwaka 2002, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo, na mwaka huo watoto zaidi ya milioni 2 waliandikishwa darasa la kwanza nchini kote. Aidha, wakazi wa Kyela waliongezeka kutoka 221,490 katika sensa ya mwaka 2012 hadi zaidi ya 266,000 mwaka 2022. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa la shule ya msingi. Mzazi anayelalamika kuwa shule imeshuka, na wapo wengi, ahesabu kwanza madawati.

Wimbi jingine liko njiani. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi itaishia darasa la sita na elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10. Kwa hiyo, mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho, na wote wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Shule ya kata iliyozoea kupokea mikondo miwili italazimika kupokea minne.