Gari-Nyumba Kuukuu na Chumvi ya Pwani

Katika nchi za kusini mwa Ulaya, yaani Ureno, Hispania, Italia na Ugiriki, barabara za pwani hazikosi magari yaendayo kwa mwendo wa kobe, na kama kobe yamebeba nyumba yao. Ndani mna kitanda, jiko, kabati na tangi dogo la maji. Mwenyewe huendesha mchana, na jioni huegesha, akapika, akalala, na asubuhi huondoka asidaiwe na hoteli yoyote. Mengi ya magari hayo ni makuukuu. Lililo mashuhuri kuliko yote ni Volkswagen lenye injini nyuma, lililoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, ambalo nchini Kenya watu hulijua kwa jina la Kombi. Nchi ya mwisho kulitengeneza kwa umbo lake la kale ilikuwa Brazil, nayo iliacha mwaka 2013. Basi alitakaye leo hana budi kununua lililokwisha kutumika.

Pwani ya Kilifi na Malindi si ngeni kwa magari hayo. Katika miaka ya 1960 na 1970 wasafiri wa Ulaya waliovuka jangwa la Sahara, au walioshuka kwa njia ya Misri na Sudan, walifika Kenya na magari yaliyochoka kuliko wao wenyewe, kisha wakateremka Malindi kupumzika chini ya mivinje. Siku hizi wenyeji wa nchi nao wameanza kuyapenda. Mtumishi aliyepokea malipo yake ya kustaafu, au mkulima aliyeuza mavuno kwa bei nzuri, huona gari la zamani linauzwa rahisi, akafikiri moyoni kwamba atatia godoro na jiko, awachukue mkewe na watoto kwenda pwani wakati wa likizo, na siku nyingine alikodishe. Fikira hiyo si mbaya. Walakini malipo ya kustaafu hayaji mara mbili, na gari kuukuu laweza kuyameza yote kabla halijafika Mtwapa.

Yampasa mnunuzi ajue kwanza kwamba umri wa gari hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Huhesabiwa pia kwa chumvi. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, wakati wa baridi kali, barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi hiyo huruka na kushika chini ya magari, nayo huyala. Ndiyo maana wapenzi wa magari ya zamani walioko Ujerumani na Uingereza huwa radhi kusafiri mpaka Italia au Hispania kutafuta gari lililokulia katika jua na ukavu, hata kama rangi yake imepauka kabisa. Huko kaskazini ndiko kuozeshako, na kusini ndiko kuhifadhiko.

Nchini Kenya mambo ni namna nyingine. Lililokaa Nakuru au Nanyuki miaka arobaini laweza kuwa na mifupa mizima, na lililoegeshwa miaka kumi mbele ya bahari ya Malindi likawa limeoza ndani kwa ndani. Tena sheria ya Kenya imekataza kuingizwa nchini kwa ajili ya kusajiliwa gari lililopita miaka minane tangu kutengenezwa. Kwa hiyo magari-nyumba ya kale yauzwayo ni yale yaliyokwisha kuwako nchini, na swali la kumwuliza mwenye kuuza si "limekwenda maili ngapi?" bali "lilikuwa likilala wapi?"

Kazi ya chumvi ni rahisi kuifahamu. Upepo wa kusi upigapo mawimbi kwenye mwamba, rasharasha za maji huchukuliwa na hewa mpaka nchi kavu, na maji yakisha kukauka chumvi hubaki juu ya chuma. Chumvi huvuta unyevu. Hata usiku usio na mvua, bati lililoshika chumvi huwa na maji, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji matamu. Kutu haianzi pale palipo wazi machoni. Huanza ndani ya mikunjo ya bati, chini ya milango, katika matao ya magurudumu, chini ya betri, na mahali pa kutilia jeki. Malengelenge yaonekanayo juu ya rangi ni habari iliyochelewa.

Basi anunuaye na alale chini akatazame kwa kurunzi, wala asione haya kuchafua kanzu. Achukue bisibisi aidunge chesisi. Ikipenya kama iliyodunga papai, aage kwa adabu aende zake. Achukue na sumaku ndogo, kwa maana wako mafundi wajuao kuziba matundu kwa fila na kupaka rangi juu yake, na sumaku haishiki fila. Mwisho atazame paipu za breki, ambazo katika magari mengi ni za chuma chembamba. Hizo zikiliwa na kutu hupasuka siku mguu ukanyagapo breki kwa nguvu, yaani siku ile ile breki zinapohitajiwa.

Hapo ndipo safari ya Malindi inapokuwa na maana yake. Barabara ya kutoka Mombasa ni kama kilomita 120, wala haina milima ya kutisha. Lakini yakatwa na mikono ya bahari, nayo zamani ndiyo iliyopima magari. Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu mwaka 1931, mpaka daraja la zege lililopo leo lilipofunguliwa mwaka 1980. Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa mnyororo na wanaume wenye nguvu, nao walivuta huku wakiimba, na abiria wengi waliisimulia miaka mingi baada ya kusahau mambo mengine yote ya safari. Kilifi palikuwa na feri, nayo iliendelea kuvusha magari mpaka daraja refu lilipofunguliwa mwaka 1991.

Wazee wa Kilifi hawajasahau kivuko kile. Magari yalijipanga juu ya mteremko yakingoja zamu, na wakati huo wa kungoja ulikuwa soko. Wauzaji walipita dirishani na korosho za kukaanga, madafu na mahamri, na msafiri aliyetoka Mombasa na njaa alifika ng'ambo ameshiba. Kisha zamu ikafika. Dereva alishuka mteremko kwa gia ya kwanza, akapanda ubao wa feri, akavuta breki ya mkono, na gurudumu likawekewa kabari. Mwenye gari kuukuu ndipo alipojulikana. Kama breki yake ya mkono haikushika, kila mtu pale kivukoni aliona, kuanzia baharia mpaka mwuza korosho.

Daraja lilileta faraja kubwa. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali usiku hakungoja tena chombo, na samaki na maembe yalifika Mombasa yangali mabichi. Lakini soko la kivukoni lilikufa, na mtihani wa breki ulikwenda nalo. Leo gari bovu laweza kupita Nyali, Mtwapa na Kilifi pasipo kuulizwa neno, mpaka likutane na kundi la mbuzi au gari la abiria lililosimama ghafula. Na wale watokao kusini ya Mombasa kwa njia ya Likoni wangali wapanda feri. Tarehe 29 Septemba 2019 motokaa moja iliteleza kinyumenyume kutoka feri ya Likoni ikazama, na mama na binti yake waliokuwamo wakafa. Sababu ya ajali yoyote ni kazi ya wachunguzi. Hata hivyo mwenye gari zito lililojaa vitanda na vyombo hana budi kukumbuka siku ile kila apandapo feri: breki ya mkono ivutwe, gia itiwe, kabari iwekwe, na abiria washuke waende kwa miguu.

Baada ya daraja la Kilifi gari huingia katika nchi ya minazi na mikorosho, na baadaye upande wa kushoto hujitokeza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kama kilomita za mraba 420, ambamo tembo wangalimo. Hapa njia imenyooka, na dereva hushawishika kukanyaga mafuta. Asithubutu. Volkswagen la kale halipozwi kwa maji, bali kwa upepo wa feni izungushwayo na ukanda wa mpira. Ukanda ukikatika, taa nyekundu ya jenereta huwaka. Asimamaye papo hapo atabadili ukanda na kuendelea, na asemaye "nitafika tu Gede" atakuwa ameunguza injini kwa ajili ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Asafiri na ukanda wa akiba, na spana ya kuufungia.

Liko jambo baya zaidi. Injini iko nyuma, na petroli huifikia kwa mipira midogo. Mpira uliozeeka katika joto la pwani hupasuka nyufa nyembamba, petroli ikadondoka juu ya injini iliyo moto. Magari mengi ya namna hii yameteketea njiani, katika nchi nyingi, kwa sababu hiyo tu. Kubadili mipira yote hakugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya gari. Kizima-moto nacho kikae karibu na dereva, wala kisizikwe chini ya magodoro. Kadhalika magurudumu: ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Palipoandikwa 2309, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2009, na haifai kubebeshwa familia hata kama meno yake yangali marefu.

Afikaye Gede salama na apumzike. Magofu yaliyomo msituni, ambayo James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, ni ya mji uliohamwa katika karne ya 17. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vilivyotoka baharini, na zingali zimesimama. Bati la Ulaya likiachwa hapo hapo lisingedumu hata robo ya muda huo.

Jioni lazuka swali la mahali pa kulala. Huko Ureno magari-nyumba yalizidi wingi hata serikali ikatunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2021, ya kuzuia watu kulala ndani ya magari popote wapendapo, ikailegeza kidogo mwaka ule ule baada ya malalamiko. Pwani ya Kenya ina ustaarabu wake. Ufuo ulio mtupu machoni mwa mgeni huwa una wenyewe: wavuvi wanaovuta ngalawa zao alfajiri, au ukoo wenye minazi. Afaaye kuulizwa ni mzee wa mtaa, na aulizwe kabla jua halijatua. Palipo na uwanja wa kulipia ni afadhali kulipa, maana hulindwa, tena pana maji. Mtungi wa gesi ufungwe usiku. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, nao walalao huko ni watoto. Mafundi waangalifu hutoboa tundu sakafuni chini ya jiko ili ipate kutoka.

Asubuhi pale Malindi, baada ya mahamri na mbaazi za nazi, watoto hukimbilia maji. Baba hutamani kuliteremsha gari mpaka kwenye mchanga mgumu, picha zipate kupendeza. Hilo ndilo kosa moja ambalo hakuna fundi awezaye kulitengeneza kwa bei nafuu. Magurudumu hurusha maji ya bahari mpaka ndani ya chesisi, na wiki chache baadaye kazi ya chumvi huwa imekwisha kuanza. Gari na likae juu, nyuma ya miti, limeelekezwa mbali na upepo.

Kaskazini mwa mji, mto Sabaki huingia baharini na maji yake mekundu yenye udongo wa bara. Gari kuukuu halina haja ya kuendelea mbali zaidi ya Mambrui, kwa kuwa kuelekea Garsen mafundi na vipuri ni haba. Ni kutoka bonde la Sabaki, katika visima vya Baricho, ndiko hutoka maji matamu yapelekwayo Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Maji hayo hukatika mara kwa mara, kama wakazi wajuavyo. Siku ya kurudi, kabla ya kufunga mizigo, na ajaze ndoo sita au saba mapema, alale chini ya gari akaoshe chesisi, matao ya magurudumu na paipu za breki mpaka maji yadondokayo yasiwe na ladha ya chumvi. Akitaka kupaka oili chafu chini ya bati, kama wafanyavyo wengi pwani, apake bati tu. Oili ikigusa mipira ya breki huilainisha na kuiharibu. Kisha aliache gari juani likauke, milango yote wazi, muda wa saa mbili, ndipo awapakie watoto kuelekea Kilifi.